Siku Mia na Ishirini za Damu ya Paskazia

Alhamisi, 15 Juni 1972

Sijui nianzie wapi. Baba Esta yuko wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni, na anapumua. Nianze na hilo. Anapumua.

Lori limepinduka saa tatu asubuhi kwenye kona ya daraja, limejaa dagaa wa kupeleka Kahama. Mimi nilikuwa nakunja mashuka. Nilisikia harufu ya dagaa kabla sijaona mtu — nikajua ni yeye. Chuma cha bodi kimempasua paja. Utingo wake alikuwa amelibana jeraha kwa shati lake mwenyewe, analia, ananiambia pole mayu, pole mama. Daktari kashona. Lakini damu nyingi ilikuwa imebaki kule barabarani.

Kamili wa maabara akampima. Kundi O. Mwenye O hapokei damu yoyote ila ya O mwenzake. Nikanyoosha mkono hata sijaitwa. Kamili akaweka tone langu kwenye kigae chake cheupe, akatikisa, akatazama, akatazama tena. B. Nikamwambia rudia. Akarudia. B! Mke wa ndoa, ndoa ya kanisani, miaka sita — na damu yangu haifai! Ya utingo nayo haikufaa.

Ndipo akasimama yule mwanamke.

Sikuwa nimemwona. Alikuwa kwenye benchi la nje na mchubuko mdogo usoni, amejifunga kitenge kipya. Alikuwa ndani ya lori. Mbele! Utingo juu ya magunia, yeye mbele na dereva. Anaitwa Paskazia, ana hoteli ya chai Kalangalala, kule Geita. Akasema na yangu ipimeni. O. Hata Kamili alitabasamu, mjinga yule.

Na nani akapewa kushika chupa? Mimi. Sista Generosa hakuwa na mhudumu mwingine karibu. Chupa inapojaa lazima itikiswe polepole, damu ichanganyike na dawa isigande. Basi nikachuchumaa sakafuni, miguuni pa mwanamke yule, naibembeleza chupa yake kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya moto viganjani. Nilifikiri kuiangusha. Naandika kweli kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu: nilifikiri. Halafu nikamwona Esta wangu hana baba, nikaendelea kutikisa.

Ijumaa, 16 Juni

Paskazia kaondoka asubuhi na lori la mkaa, kurudi Geita. Kabla ya kuondoka alinifuata kwenye kamba za kuanikia. Akaniamkia vizuri. Nikamshukuru, ningefanyaje? Akashika shuka upande wa pili, tukalikamua pamoja kama tuliozoeana. Halafu akaniambia:

"Mama Esta, usimwambie kuwa ni mimi. Watu wana midomo."

Akaenda zake. Nimebaki na shuka mkononi. Watu wana midomo! Kama hakuna kitu, unaficha nini? Mtu akimwokoa mgeni husema, huringa, hungojea kuku. Huyu hataki hata asante.

Saa sita Baba Esta kafumbua macho vizuri. Kaniomba maji. Kaniuliza lori. Halafu akasema wamemwambia ametiwa damu ya mtu, ni nani?

Nikasema, "Mimi."

Sikupanga. Limetoka lenyewe. Akanitazama, machozi yakamtoka. Clemens! Hakulia hata tulipomzika mdogo wake Esta. Akanishika mkono akasema sasa wewe si mke tu, wewe ni damu yangu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasikia, mmoja akapiga makofi. Nikaenda stoo ya mashuka nikakaa juu ya gunia la sabuni. Nilicheka au nililia, sijui.

Kamili nimemwomba anyamaze. Kasema hahitaji kuombwa, ni sheria ya Sista, jina la mtoa damu halitajwi. Ila kaniangalia kwa jicho baya.

Jumatano, 21 Juni

Kila Jumatano saa nane Sista Generosa anatukusanya wahudumu kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, anatufundisha. Leo: damu. Kwa mara ya kwanza sikusinzia.

Damu si kitu kimoja, kasema. Ukiiacha itulie kwenye chupa inajipanga yenyewe. Juu maji ya manjano, chini wekundu mzito, katikati utando mweupe mwembamba sana. Nimenakili yote, na ya kwangu nimeongeza.

Maji ya damu. Ni zaidi ya nusu ya damu yote. Hubeba chakula, chumvi, joto, na uchafu wa kupeleka kwenye figo. — Kwa hiyo ugali ninaopika mimi, mume wangu anabebewa na maji ya Paskazia!

Chembe nyeupe. Ni askari. Kidudu kikiingia mwilini hukizingira, hukila. — Askari wa Paskazia wanamlinda mume wangu. Wanamlinda na nani? Na mimi?

Vipande vya kugandisha. Vidogo kuliko vyote. Mtu akikatwa vinakimbilia pale, vinashikana, vinaziba. — Basi kovu la paja kaziba yeye. Sitaligusa.

Chembe nyekundu. Hizi ni nyingi mno, hazihesabiki. Ni wapagazi. Zinachukua hewa safi kwenye mapafu, zinaipeleka mpaka kidole cha mwisho cha mguu, zinarudi na hewa chafu itolewe. — Kila pumzi! Kila pumzi anayovuta kitandani pale inapita mikononi mwa mwanamke yule.

Nikanyoosha kidole. Nikauliza: Sista, mtu akipewa damu ya mwingine, inakaa ndani yake milele? Wenzangu wote wakageuka. Sista akacheka, akasema hapana Anisia, damu hufa. Maji yake mwili huyabadilisha kwa siku chache. Askari nao hawadumu. Vipande vya kugandisha kama siku kumi. Chembe nyekundu ndizo sugu, siku mia na ishirini, kila siku hufa baadhi, wengu unazizika, na uboho wa mifupa unazaa mpya za mwenye mwili.

Siku mia na ishirini. Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni mara mbili. Ijumaa, 13 Oktoba. Siku hiyo hatakuwa na tone la mwanamke yule.

Jumapili, 25 Juni

Siku ya kumi. Vipande vya kugandisha kwisha. Maji kwisha. Askari wamekwenda. Nimeimba misani mpaka jirani akaniuliza kuna nini. Wamebaki wapagazi tu.

Jumamosi, 1 Julai

Kaja nyumbani! Na fimbo, lakini kaja. Hajanywa hata pombe. Kaniita damu yangu mbele ya jirani, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, mbele ya muuza mafuta. Kachota maji mwenyewe na mguu ule, nikamnyang'anya ndoo. Miaka sita nimekuwa nikiitwa "we Mama Esta, chakula kiko wapi." Sasa ninaulizwa kama nimechoka.

Ni tamu. Nasema kweli, ni tamu kuliko asali. Ninakula kitu cha mtu mwingine na ninajilamba.

Jumatatu, 10 Julai

Mama mkwe amekuja. Bibi Justa mwenyewe, kutoka Uzinza, na kapu la ndizi. Shikamoo mama, marahaba, pole na mgonjwa. Mambo mazuri mpaka jioni ilipokaribia. Clemens akamsimulia jinsi nilivyomtolea damu, kwa maringo, kanishika bega.

Mama akaweka bakuli chini.

Akauliza tena, taratibu. Damu ya huyu imo ndani yako? Clemens akasema imo mama, chupa nzima. Akauliza: na mnalala kitanda kimoja? Clemens akacheka. Mama hakucheka.

Akatueleza. Kwao, zamani, watu wawili wakitaka undugu walichanjiana. Huyu anachanjwa hapa tumboni, yule vilevile, mbegu ya kahawa inapakwa damu, kila mmoja anameza ya mwenzake. Basi. Tangu siku hiyo ni ndugu kushinda wa tumbo moja. Mali yake yako, msiba wake wako. Na dada yake ni dada yako, humwoi, humgusi. Kasema hilo ni kwa tone moja kwenye mbegu ya kahawa — sembuse chupa!

Kasema enzi za babu yake kulikuwa na mwanamume na mwanamke waliochanjiana kisha wakalala pamoja. Walifukuzwa. Mtoto aliyezaliwa hakuna aliyempa jina, hakuna aliyempokea mikononi, alikaa hivyohivyo kama si mtu.

"Huyu sasa ni dada yako," akamwambia Clemens. "Mmekwisha kuchanjiana."

Clemens akatandika mkeka sebuleni.

Jumanne, 11 Julai

Nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi. Uongo wangu mwenyewe umenitoa kitandani mwangu! Njia ya mwongo fupi, tuliimba shuleni. Yangu haikufika hata mwezi.

Asubuhi nilimpeleka Clemens kwa padri. Padri akacheka sana, akasema damu ya hospitali ni dawa kama kwinini, nendeni kwa amani. Clemens akaitikia ndiyo padri, ndiyo padri. Tumefika nyumbani, mkeka uko palepale. Kasema padri ni mzuri, lakini padri hakuzaliwa na mama yangu.

Nikageukia sayansi. Nikamkalisha mama, nikamweleza kwa chaki, juu ya ubao wa kukatia nyama. Wapagazi, wengu, siku mia na ishirini. Nilifikiri atanifukuza. Lakini mama si mjinga. Kasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, zikifa zimekufa kweli? Kweli mama. Hairudi hata moja? Hairudi. Akafikiri. Akasema basi, undugu ulio hai ndio mwiko, ulioisha umeisha. Mngoje. Siku hiyo nitakuja na wazee wawili, utatema maji mlangoni useme damu uliyompa imekwisha, mrudiane.

Kaondoka. Miezi mitatu! Na mimi nilitaka mtoto mwaka huu. Nimeshapita ishirini na nane.

Sasa niandike lile linalonichoma. Nikisema kweli leo, mkeka unakunjwa leo. Damu si yangu, mimi si dada, mimi ni mke. Na dada ni nani? Paskazia! Hatamgusa mpaka anaingia kaburini. Vitu viwili ninavyovitaka, kwa neno moja.

Lakini atajua nilimdanganya pale kitandani, alipokuwa mahututi. Atajua aliyemwokoa ni nani. Ataacha kuniita damu yangu, atamwita mwingine. Siwezi. Siwezi kumpa yule hata hilo.

Jumamosi, 12 Agosti

Lori limetengenezwa, tajiri wake kamwita. Leo kaanza tena safari: Geita, Kahama, Shinyanga, kurudi. Atalala Geita.

Mimi simgusi kwa sababu ya damu yangu ambayo si yangu. Yule anaweza kumgusa kwa sababu hajui kuwa damu ni yake. Nimekaa jikoni nikifikiri hilo mpaka maharage yameungua.

Siku ya hamsini na nane. Karibu nusu ya wapagazi bado hai. Wanarudi nyumbani kwao kusalimia.

Jumatatu, 14 Agosti

Karudi. Kanyoa vizuri. Nani kamnyoa? Kaleta nusu gunia la dagaa na doti ya khanga. Nikamuuliza alikunywa chai wapi. Kasema Kalangalala, kwa mama mmoja. Mama mmoja! Nikasema mama gani. Akasema Paskazia, alikuwa kwenye lori siku ile, hata yeye aliumia kidogo, hukumbuki?

Nakumbuka, nikasema.

Khanga sijaivaa. Nimefutia meza.

Jumanne, 29 Agosti

Geita tena. Mara ya tatu mwezi huu. Kila akirudi ni mpole sana. Mwanamume mpole hivi ana jambo.

Jumatano, 6 Septemba

Laiti nisingeuliza. Leo Sista alikuwa anarudia somo, upungufu wa damu kwa wajawazito. Akasema rangi nyekundu inatokana na chuma. Nikauliza, na chembe ikifa hicho chuma kinatupwa? Hapana, kasema, mwili ni mama mwenye nyumba mzuri, hautupi kitu. Chembe inazikwa, chuma kinachukuliwa, kinatiwa kwenye chembe mpya.

Kwa hiyo hata tarehe 13 yule mwanamke hatakuwa ameisha mwilini mwake! Chuma chake kitazunguka mle mpaka mwisho. Nilikunja daftari, nikaomba ruhusa ya kwenda kutapika. Sista kaniuliza kama nina mimba. Mimba! Ya mkeka?

Kwa mama sitasema habari za chuma.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimefika Geita. Niliomba ruhusa siku mbili, nikamwacha Esta kwa jirani, nikapanda lori la watu wengine. Clemens yuko Shinyanga, hajui. Naandika haya nimekaa kwenye sanduku nje ya duka nikingojea gari la kunirudisha. Nisipoandika sasa nitapasuka.

Hoteli yake ni chumba kimoja, meza tatu, wachimbaji wamejaa, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Aliponiona hakushtuka. Alinikaribisha. Akaniletea chai ya maziwa na maandazi mawili, akafuta meza kwa mkono wake, akakaa mbele yangu. Mwanamke mzuri. Niandike? Mzuri. Meno mazuri.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nimetunga maneno makali. Yote yakapotea, nikamuuliza tu kwa nini alitaka nifiche jina lake.

Akachungulia wateja wake, akashusha sauti.

"Mimi Mzinza, Mama Esta. Babu yangu alichanjiana na watu watatu. Watoto wao ni shangazi zangu mpaka leo. Clemens akijua, nitakuwa dada yake. Mimi sitaki udada."

Hivyohivyo. Bila haya! Niliweka kikombe chini. Nikamwambia ana mke, ndoa ya kanisani. Akasema anajua. Nikamwambia ni dhambi. Akasema anajua. Kisha akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, kama dhambi ni yake peke yake.

"Kaniambia ni wewe uliyemtolea damu," akasema. "Kila mara ananiambia. Damu yangu umeivaa kama kitenge, na mimi nimekaa kimya. Kaa kimya na wewe."

Mchimbaji mmoja akaita chai, akainuka kwenda kumhudumia. Nikaacha maandazi. Hakutaka nilipe.

Sasa nimeelewa. Uongo ni mmoja, tumeushika wawili, yeye mwisho huku na mimi mwisho huku, kama lile shuka. Yeye akisema anampoteza. Mimi nikisema ninajivua nguo. Nilidhani ninamfahamu adui yangu. Kumbe ni mwerevu kuliko mimi, alijua mwiko tangu siku ile ile, na mimi nikauingia kichwakichwa! Ninamwonea wivu hata akili yake.

Jumapili, 1 Oktoba

Sikwenda kukomunika misani. Siku kumi na mbili zimebaki. Clemens kaniuliza kwa nini sikwenda. Nikasema tumbo.

Anaanza kuhesabu na yeye. Kaniambia ikifika tarehe hiyo tutamtafutia Esta mdogo wake. Kasema kwa macho ya chini. Anamaanisha, nadhani. Nikataka kumkumbatia, akarudi nyuma hatua moja — mwiko. Baada ya nusu saa nikamsikia anapiga mluzi akiosha lori, anajiandaa kwenda Geita.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mama amefika na wazee wawili wa ukoo, na jogoo mweupe. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimesonga ugali wa watu wanane. Nina furaha. Nina haki ya kuwa na furaha! Kesho kila mpagazi wa yule mwanamke amekufa na kuzikwa. Chuma ni chuma tu, hata jembe lina chuma.

Kutema maji juu ya uongo — hilo linanitia baridi kidogo. Mama kasema anayetema maji na moyo una kitu, maji yanamrudia. Nimejibu kwa ndani: nitasema "damu imekwisha." Hilo ni kweli. Sitasema ya nani.

Clemens kalala Geita, atafika kesho adhuhuri.

Ijumaa, 13 Oktoba

Saa nane na nusu mchana. Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya kinu. Nimetumwa bakuli la maji.

Lori limefika. Utingo juu ya magunia. Yule mwanamke mbele.

Nilidhani macho yananidanganya. Clemens kashuka, kamfungulia mlango, kamshika kiwiko asije akateleza. Ndivyo anavyoshikwa mama mjamzito — mimi nafanya kazi hospitali, nisijue? Yule mwanamke kaingia uwanjani, kaamkia wazee kwa magoti, harufu ya dagaa ikamfuata, akageuka pembeni kutema mate. Akatema tena. Nimekwisha kujua kabla hawajafungua midomo.

Clemens akasema mbele ya wote. Hakunitazama. Amekosa, anaomba wazee wamsikilize, huyu ana mimba yake ya miezi miwili, hawezi kumtupa. Mimi ni mke wake wa kanisani na damu yake, hatanifukuza kamwe, ila na huyu anaomba apokewe.

Nilitazama uso wa mama. Niliomba akasirike. Akamtazama Paskazia juu mpaka chini, akauliza yeye ni binti wa nani. Wa Uzinza, wa ukoo fulani. Nikaona uso wa mama unalainika! Mjukuu! Na binti wa nyumbani! Akasema sawa, mambo ni mawili, tumalize la kwanza. Mke mkubwa atutemee maji, arudi kitandani mwake, halafu tutasikia la huyu.

Mke mkubwa. Nimekuwa mke mkubwa, saa hiihii.

Na mama akaongeza, kwa sababu anapenda mambo yawe wazi: nitaje. Niseme mbele ya wazee damu aliyopewa mwanawe ilikuwa ya nani, na kwamba imekwisha. Lazima jina.

Nimehesabu. Nani atanikataza kuhesabu? Miezi miwili. Agosti katikati. Siku ya hamsini na nane, sitini. Nusu ya wapagazi walikuwa hai. Undugu ulio hai ndio mwiko, mama mwenyewe ndiye aliyesema. Nikitaja jina la kweli, yule pale si mke mdogo wa mtu. Ni dada aliyelala na kaka yake. Atatoka uwanjani humu leo hii na hatarudi, na kitu kilicho tumboni mwake hakuna atakayekipa jina.

Nikitaja langu, nimetema maji ya uongo, na kesho ninaamka kumpikia mke mwenzangu uji wa mimba.

Wanadhani natafuta bakuli. Bakuli liko mkononi, limejaa, nimelimwaga mara moja nikajaza upya. Natafuta huruma. Nasema kweli, hapa hakuna mtu: naitafuta. Najiambia Anisia, bila yule mumeo angekuwa chini ya udongo. Najiambia mtoto hana kosa. Ninayasema kwa sauti. Maneno ni mazuri, hayashiki.

Mama ananiita mara ya pili.

Paskazia amekuja mlangoni mwa jikoni. Kasema ametumwa anisaidie. Ananitazama jinsi wagonjwa wanavyomtazama Kamili anapotoka na karatasi mkononi. Meno hayaonekani leo. Amepiga goti — mimi sikumwambia apige goti — na mikono ameinyoosha apokee bakuli anibebee.

Nimemwambia ngoja, namalizia kuandika. Mara ya tatu wananiita, na yeye bado amepiga goti, na mimi sina haraka, na